Ngano Nambari Saba

2 Aprili

Mvua imeanza na sisi tumeanza. Kitabu hiki nilipewa na kituo cha utafiti mwezi wa kwanza. Kila mfanyakazi alipewa chake, na juu kina picha ya trekta jipya ambalo hatuna. Nilikitupa juu ya friji. Leo nimekishusha kwa sababu jioni ni ndefu na Baba hapendi televisheni.

Baba ni baba wa marehemu mume wangu. Alikuja msibani moja kwa moja kutoka hospitali, mwezi wa kwanza, na begi moja, na waombolezaji walipotawanyika yeye akabaki. Hakuna aliyemwambia abaki, hakuna aliyemwambia aondoke. Anaamka kabla yangu, anafagia ua, anapika chai yenye sukari ya kusimamisha kijiko. Mlinzi wa shamba la majaribio alipoacha kazi, Mkuu wa kituo akamchukua yeye. "Mzee amelima ngano maisha yake yote," Mkuu alisema. "Angalau hatatuuliza kama haya ni majani ya ng'ombe."

Mume wangu alikuwa mtafiti hapa, na mimi ni mtafiti hapa. Yeye alitengeneza ngano zisizoshikwa na kutu, ule ugonjwa wa majani. Mimi nafuga kutu ya kuzijaribu. Ngano yake ya mwisho ndiyo tuliyoiita nambari saba, na leo tumeipanda pamoja na nyingine. Wafadhili wamesema huu ni msimu wa mwisho. Nambari saba ikiishinda kutu shambani, kazi inaendelea. Ikishindwa, mradi unafungwa na mbegu zote zinateketezwa, maana ni ngano iliyobadilishwa jeni na sheria hairuhusu zibaki zikizagaa. Alikufa bila kujua kama aliweza.

Sijisikii chochote. Naandika hivyo kwa kuwa kila mtu ananiuliza unajisikiaje, na hilo ndilo jibu.

9 Aprili

Mvua.

15 Aprili

Mvua. Ngano imechomoza. Baba kasema imetoka vizuri. Nikasema ndiyo.

23 Aprili

Leo mezani Baba alisukuma sahani pembeni akaniambia, "Hebu nieleze. Hii ya mwanangu ina nini ambacho yangu haikuwa nacho?"

Ngano yake naijua kwa kusimuliwa, tena na mume wangu, si na yeye. Kutu ililiingia shamba lao lote mume wangu akiwa bado shule. Leo nimeisikia kutoka kwa mwenyewe. Alisema Jumapili ilikuwa kijani, na Jumapili iliyofuata ukipita katikati yake suruali inatoka nyekundu kama umekalia tofali. Hawakuvuna hata gunia.

Nikamweleza. Kuvu inayoleta kutu haitafuni jani kwa nje kama panzi. Inaingia ndani, inatia vimirija vyake kwenye chembe hai za jani, inafyonza polepole kama kupe. Ili ifyonze inategemea jeni zake, na jeni ni kama maagizo: tengeneza hiki, fanya kile. Mume wangu alichagua agizo moja la kuvu, lile la kufyonzea sukari. Akanakili kipande chake, akakiweka ndani ya ngano kwa namna ambayo ngano yenyewe hutengeneza vijikipande vyake kila siku. Kuvu ikifyonza utamu, inavifyonza na hivyo. Vikishaingia, lile agizo linazimwa.

"Yaani inabaki na mdomo ila imesahau kumeza," Baba alisema.

"Hivyo hivyo."

"Kwa hiyo hamuiui."

"Hatuiui. Inakufa njaa ikiwa mezani."

Alicheka mpaka akakohoa. "Huyo mtoto alikuwa mjanja tangu anatambaa," alisema. Ni mara ya kwanza mtu kucheka ndani ya nyumba hii mwaka huu. Nilijaribu kucheka naye. Mdomo ulifunguka, hakikutoka kitu, nikautumia kunywa maji.

4 Mei

Palizi. Mgongo.

16 Mei

Kutwa nzima kwenye nyumba ya kitalu. Kutu ya ngano haioteshwi kwenye kisahani kama kuvu nyingine. Inataka jani lililo hai, basi. Kwa hiyo kila wiki naotesha miche michanga, naipaka ugonjwa, naulea ukue, kisha nauhamishia kwa miche mingine kabla ile ya kwanza haijafa. Nimeufuga hivyo miaka yote hii. Unaonekana kama vipele vya rangi ya chungwa lililoiva, na ukipuliza unatoka moshi.

Breki alikuja kuchukua mifuko ya udongo. Ni dereva wetu wa trekta, na jina hilo amelipata kwa sababu trekta lake halina.

"Mama Kutu," akaniita, "katika kituo kizima ni wewe tu unayelipwa kulea ugonjwa. Sisi wengine tunaulea bure."

Nikamwambia afunge mlango, upepo usiingie. Alinitazama kidogo kabla ya kuondoka. Zamani ningemjibu kwa tusi dogo la kirafiki.

Niliwaza tu kwamba mume wangu amekufa na ugonjwa wangu una afya nzuri. Wazo lilipita kama gari la watu wengine.

29 Mei

Jua. Wakulima wote wa huku wanalifurahia, isipokuwa mimi. Kutu inataka umande.

2 Juni

Jua.

4 Juni

Mawingu. Mkuu ameuliza kama tuko tayari. Tuko tayari.

6 Juni

Leo jioni tumelipaka shamba ugonjwa.

Shamba lenyewe ni dogo, limezungushiwa uzio, na geti lina kufuli. Ndani kuna vipande vyenye vigingi vya namba. Kila ngano imepandwa sehemu kadhaa tofauti ili isije ikawa ni udongo uliosaidia. Kati ya vipande tumepanda ile tunayoiita chambo, ngano dhaifu inayoshika kutu upesi na kuwaambukiza majirani zake. Kazi ya chambo ni kuugua. Nilichanganya unga wa kutu na mafuta mepesi, nikanyunyizia chambo kwanza, kisha kipande kimoja kimoja.

Baba alikuwa amesimama getini, kofia mkononi. Nilipofika kwenye kigingi cha saba akaita.

"Na hiyo ya mwanangu pia?"

"Hiyo hasa, Baba."

"Mzima anatiwa ugonjwa makusudi."

"Ndiyo tujue kama ataushinda."

"Na akishindwa? Mnampa dawa?"

"Hapana. Tunaangalia tu, tunaandika."

Mume wangu alipolazwa, Baba alikaa kando ya kitanda tangu siku ya kwanza mpaka mwisho. Madaktari walikuja, waliangalia, waliandika. Yeye kazi yake ilikuwa kulowesha kitambaa na kumwekea kwenye paji la uso. Nilikumbuka hayo, bomba likiwa bado mgongoni mwangu, na nikaendelea kunyunyizia.

Geti limefungwa. Hakuna kuingia mpaka ugonjwa ushike, kwa sababu nguo na viatu hubeba kuvu kutoka kipande hadi kipande. Anabaki Baba peke yake kwenye kibanda chake cha ulinzi.

10 Juni

Ukungu asubuhi, mzito. Mzuri.

13 Juni

Ukungu tena. Breki anasema leo naonekana mchangamfu. Hajui asemalo.

16 Juni

Ilikuwa siku ya kuingia shambani kutazama dalili za mwanzo. Nilivaa viatu vya shamba, nikakaa ukingoni mwa kitanda, nikavivua.

17 Juni

Sikwenda.

18 Juni

Sikwenda. Baba aliondoka kabla hakujapambazuka vizuri. Aliporudi hakugusa chakula.

19 Juni

Sikwenda. Mkuu alipiga simu, nikamwambia nina mafua. Baba alikuwa mezani, alisikia, akajifanya anatafuta chumvi. Chumvi ilikuwa mbele yake.

20 Juni

Sikwenda.

23 Juni

Nimekwenda.

Nilipofungua geti niliona wekundu kabla sijaona ngano. Chambo chote kimeshikwa, na vipande vimeshikwa, nambari moja, mbili, tano, zote zimejaa vipele vinavyoachia unga ukizigusa. Suruali yangu ilikuwa imeiva nilipofika katikati. Na penye kigingi cha saba, kila penye kigingi cha saba, kijani. Kijani kitupu, kama imepandwa shamba lingine.

Niliandika sifuri. Nilikwenda kwenye kigingi kingine cha saba, nikaandika sifuri. Nilisimama njiani, sikuchuchumaa hata mara moja. Nilikuwa nimechoka kama mtu aliyebeba friji.

Mkuu alikuja na viatu vyake vya ofisini, akavikanyagia tope bila kujali. Ni mtu wa kuhesabu maneno, lakini leo alinikumbatia. "Ameweza," alisema. "Jamaa ameweza!" Machozi yalimlengalenga. Akapiga picha na simu, akapiga nyingine, akaniambia nisimame ndani ya picha. Nikasimama.

Nilingoja moyo ufanye kitu. Haukufanya kitu. Nikasema labda kesho.

Baba alifungua geti tulipotoka. "Imeendaje?" akauliza.

"Ya mwanao ni safi," nikamwambia.

"Alhamdulillahi," alisema, lakini alikuwa anatazama kufuli.

27 Juni

Wafadhili wanakuja kuona kwa macho yao. Mkuu ameagiza njia ya shambani imwagwe changarawe. Breki anazunguka na tela huku anaimba. Kila mtu ananipa pole na hongera kwa pamoja, na mimi nasema asante, inafaa zote mbili.

3 Julai

Leo nilikwenda peke yangu kuchukua majani ya nambari saba ya kuwaonyesha wageni kwenye hadubini. Hapo ndipo nilipochuchumaa.

Nieleze vizuri. Ngano inayoizima kuvu haibaki safi kama ya kwenye kalenda. Kuvu lazima iingie kwanza, ifyonze, ndipo ife njaa. Mahali ilipofia panabaki kidoa kidogo cheupe. Tulivitegemea vidoa hivyo. Hivyo ndivyo hati ya ushindi. Nilipekua jani moja, la pili, la kumi. Hakukuwa na kidoa. Hakukuwa na lolote. Ilikuwa safi mno.

Nikashusha mkono chini kwenye shina. Majani ya chini hayakuwepo. Hayakukauka wala hayakuliwa na mdudu. Yalikuwa yamekatwa kwa ukucha, karibu na shina, kwa uangalifu, moja moja, kama mtu anavyochambua mboga. Nikaenda kigingi kingine cha saba, ni hivyo hivyo. Nambari sita ya jirani ilikuwa na majani yake yote, mekundu na yaliyochakaa.

Ndipo nikatazama chambo. Chambo chote ni chekundu, isipokuwa upande mmoja, ule ambao upepo wa asubuhi unatokea nambari saba kwenda kwake. Huko kulikuwa na ukanda wa kijani, mwembamba, umepinda kidogo kama upepo unavyopinda. Mtu alinyunyizia nambari saba dawa ya kuua kuvu, na dawa ikapeperuka.

Niliketi palepale kwenye tope. Aliyeingia ni mwenye ufunguo. Mwenye ufunguo wa geti ana na wa stoo ya dawa.

Nimepika, tumekula, nimeosha vyombo. Sikumwambia kitu leo. Niliiangalia mikono yake akikata mkate.

4 Julai

Nilimkuta kibandani asubuhi, anakunja blanketi.

"Baba, nani amechuma majani ya nambari saba?"

"Mimi."

Hakubabaika hata kidogo. Akaliweka blanketi chini, akalinyoosha.

"Na dawa?"

"Mimi. Kwa lile bomba la buluu. Nilisoma maelezo kwenye kopo, nikapima sawasawa, sikuzidisha."

"Kwa nini, Baba?"

"Ilikuwa imeshaanza kuugua, mwanangu. Majani ya chini yote. Nikakungoja uje, wewe ndiye mwenye elimu yake. Hukuja. Siku ya pili hukuja. Nikakuona umekaa tu nyumbani, nikasema huyu naye mzigo umemzidi, nisimwongezee. Nikachuma yale yaliyoshikwa, nikayachoma hapa jikoni kwangu, nikanyunyizia yaliyobaki."

"Ulijua hairuhusiwi?"

"Kanuni zimebandikwa hapo ukutani. Nimezisoma zote, sina gazeti." Akanitazama. "Nimeshakaa nikamwangalia mmoja. Sikuweza kukaa tena."

Ilikuwa imeshaanza kuugua. Hilo ndilo nililolisikia, na sikutaka kusikia zaidi. Kwa hiyo nambari saba ilishindwa. Ilishindwa kimyakimya nikiwa kitandani na viatu sakafuni, na mzee akaifichia aibu yake. Nilitaka kumkasirikia. Nilitafuta hasira kila nilipozoea kuiweka, sikuikuta. Nikamwambia, "Chai yako inapoa."

5 Julai

Jua kali.

6 Julai

Nikinyamaza, wafadhili wataona kijani, mradi utaendelea, jina la mume wangu litabaki. Mbegu zitapelekwa kwa wakulima kama Baba alivyokuwa. Watazipanda kwa kuziamini. Halafu Jumapili moja suruali zitatoka nyekundu.

7 Julai

Nimemwambia Baba nitasema. Akasema, "Sema, mama. Mimi si mtu wa kufichwa chini ya kitanda."

8 Julai

Nilisema.

Mkuu alinisikiliza amesimama. Nilipomaliza akakaa, akavua miwani, akaifuta kwa tai ambayo haikuwa safi.

"Nani mwingine anajua?"

"Sisi watatu."

Alitazama dirishani, Breki alikuwa anamwaga changarawe ya mwisho. "Wageni wanakuja Alhamisi," alisema. "Ungenyamaza, nisingejua."

"Najua."

"Yeye angefanyaje? Mume wako?"

"Angeandika."

"Angeandika, mpuuzi yule," Mkuu akasema. Akavaa miwani. Kisha akawa mkuu tena. "Sikiliza. Kama ni dawa tu, naweza kuwapigia magoti. Nitawaambia jaribio limeharibika, tupeni msimu mmoja. Watanung'unika lakini watatoa. Swali ni moja. Ilikuwa imeugua kabla ya dawa au haikuugua?"

"Iliugua. Mzee aliona mwenyewe. Majani ya chini yote."

"Una hakika?"

"Ndiyo maana aliyachuma."

"Basi imekwisha," Mkuu alisema. Akaniomba niandike hivyo hivyo, niweke sahihi. Nikaandika kwamba nambari saba ilionyesha ugonjwa kabla ya kunyunyiziwa. Ni mwandiko wangu mzuri kuliko wote wa mwaka huu.

9 Julai

Baba ameachishwa kazi. Mkuu alimwita, hakumfokea. Alimshika mkono kwa mikono yake miwili. Ziara imefutwa.

12 Julai

Ukungu.

18 Julai

Wafadhili wamejibu. Wanashukuru kwa ukweli wetu. Mradi umefungwa. Kila kilichotokana nao kiteketezwe, cha shambani na cha stoo, na wakaguzi wawepo.

Breki hakunitania leo. Alinikuta nje ya ofisi, akasimama karibu yangu tukitazama trekta lake, kwa muda ambao haukuwa na haja. Kisha akasema, "Haya, shem," akaenda.

24 Julai

Baba amerekebisha bawaba za milango yote ya nyumba. Sasa hakuna mlango unaolia. Nyumba ilikuwa kimya tayari.

31 Julai

Tumechoma.

Breki alizikata ngano kwa mashine, tukazirundika katikati ya shamba. Wakaguzi walikuwa wawili, mmoja ana kikohozi. Kisha tukaleta za stoo: mifuko, bahasha, na ile chupa ya kioo ya nambari saba, mbegu mama, yenye kibandiko cha mwandiko wa mume wangu. Anaandika saba yenye mkia, kama anaipungia mkono. Mkaguzi aliniomba niimimine mwenyewe kama mhusika. Nikaimimina. Punje zilidunda kwenye majani makavu zikatulia. Kisha mafuta, kisha kiberiti.

Ngano ikiungua inanuka mkate. Nilikuwa nimelisahau hilo. Mkaguzi wa kikohozi alisogea upande usio na moshi akasema inatia njaa, kisha akatahayari.

Baba hakuruhusiwa ndani. Alisimama nje ya uzio, vidole vimeshika waya, mpaka moshi ukawa mwembamba. Tulirudi nyumbani kwa miguu. Nilioga mara mbili. Sikulia.

3 Agosti

Mvua imeisha, naona.

7 Agosti

Baba anaondoka kesho, anakwenda kwa binti yake. Begi lake lile lile liko mlangoni. Adhuhuri nilipika maharage na wali, tukala mapema ili apate kulala kidogo.

Alikuwa anakula taratibu. Katikati ya kutafuna akasema, "Kitu kimoja kinanisumbua. Kutu ya siku hizi si kama ile ya kwangu."

"Kivipi?" Niliuliza kwa adabu tu.

"Ile ya kwangu ilikuwa na unga. Hii ya nambari saba haikuwa na unga."

Kijiko changu kilikuwa njiani. Nikakirudisha kwenye sahani.

"Baba. Ulichoona kwenye yale majani ni nini hasa?"

"Madoa. Si nilikwambia?"

"Hukuniambia. Ulisema imeanza kuugua. Madoa ya namna gani?"

"Madogo. Meupe-meupe, kama jani limedungwa sindano. Yamelijaa jani zima." Aliona uso wangu, akaweka kijiko chini. "Kwani vipi?"

"Ulipitisha kidole?"

"Nilipitisha. Mkulima gani hapitishi kidole? Za jirani kidole kilitoka chekundu mpaka ndani ya ukucha. Kwenye ya mwanangu hakikutoka kitu."

"Kwenye jani moja?"

"Kwenye yote niliyochuma. Ndiyo maana nikawahi. Nilisema bado haijafika mbali, hii inaokoleka."

"Na hakuna jani ulilobakiza? Hata moja, mfukoni, kibandani?"

"Niliyachoma yote, mama. Nilikwambia."

Nilisikia friji ikinguruma, na nje mtu akipita na redio. Anaondoka kesho. Ningeweza kunyamaza, akaenda zake akiamini kwamba alimsitiri mwanawe aliyeshindwa. Mzigo huo ameshauzoea, ameshaujulia pa kuushikia. Ule mwingine ni mzito zaidi. Lakini ndani ya ule mwingine kuna mwanawe.

"Baba," nikasema, "yale hayakuwa madoa ya ugonjwa. Kila kidoa ni mahali kuvu ilipoingia ikafa. Unga haukutoka kwa sababu hakuna iliyoishi mpaka ikatoa unga. Ngano haikuwa inaugua. Ilikuwa inashinda."

Alinitazama kama mtu anayesubiri sentensi iishe.

"Mbele ya macho yangu?"

"Ndiyo."

"Na mimi nikaichuma."

"Ulichuma wewe. Na mimi nikaandika kwamba iliugua, bila kukuuliza uliona nini. Mkuu aliniuliza kama nina hakika. Nikasema ndiyo."

"Tukamwambie sasa hivi."

"Tukamwambie nini? Kwamba kidole chako hakikutoka kitu? Hakuna jani, Baba. Hakuna mbegu."

"Hata punje?"

"Niliimimina mwenyewe."

Alifunika uso kwa viganja vyake, mikono ile mikubwa iliyochambua majani moja moja. Mabega yakaanza kutikisika. Nilidhani analia, na kweli alikuwa analia, lakini alipoondoa viganja niliona kitu kingine usoni mwake ambacho sijakiona tangu aingie na begi lake.

"Kumbe aliweza," alisema.

"Aliweza, Baba."

"Sema tena."

"Mwanao aliweza. Ilifanya kazi. Uliiona wewe, peke yako duniani."

Hapo ndipo nilipolia. Sikulia hospitali, sikulia msibani, sikulia moto ulipowaka. Nililia kwa sauti, vibaya, pua na mdomo, kwa furaha ambayo haina pa kwenda na kwa hasira iliyochelewa miezi yote hii. Nilimlilia mume wangu kwa jina lake, na kila nikilitaja linauma kama jino jipya. Baba akainuka, akazunguka meza, akakaa upande wangu.